Sauti ya Upande wa Pili

Rayya mwanangu,

Mmeondoka na baba yako saa tisa kwenda Yiti kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamuachi mtu atoke kwake bila ya kula samaki, kwa hiyo nna saa mbili za kuandika, tatu nikibahatika. Nimekaa chumbani kwako, kitandani, na sanduku lako liko wazi mbele yangu. Nnaandika kwa mkono kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu, na uso kwa uso nimejaribu mara tatu wiki hii nikashindwa. Kila nikifungua mdomo nnakuuliza kama umetia soksi.

Basi humu hamna soksi. Koti, dawa ya kifua, ndimu kavu, namba ya yule binti wa jirani anayeishi huko, yote nshakwambia mpaka umenichoka. Haya ni mengine.

Nnaogopa, Rayya. Nianzie hapo, nisije nikajifanya jabari. Nnaogopa tangu Ijumaa ile ulipotwambia mezani unakwenda Marekani kusomea nini. Baba yako alidhani sheria za biashara. Mimi nlidhani sheria za biashara. Shangazi yako mpaka hivi sasa anadhani sheria za biashara, na nnamuomba Mungu leo usimtoe huko. Ukasema, tena umetulia kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kuwa utasomea kesi za maneno machafu: watu wa kule walioshtakiwa kwa vitabu vya aibu na kwa maskhara ya jukwaani, na vipi kesi zao zilivyopanua uhuru wa kusema. Na hasa Mayahudi waliokuwemo katika kesi hizo, walioshtakiwa, waliotetea na waliopinga.

Kijiko kilinianguka. Na nikasema neno ambalo leo nnaliona haya hata kuliandika. Nikasema, "Hao si ndio waliouharibu ulimwengu kwa uchafu? Kila mtu anajua."

Nlitegemea utanipigia kelele, nlikuwa nshajitayarisha. Wewe ukajipakulia wali, ukaniuliza, "Kila mtu nani, Mama?"

Nikatafuta kichwani nani aliyenambia. Wallahi nlitafuta. Nikaona ni sauti moja tu niliyotumiwa kwenye simu, katika kundi la kupangia harusi, hata sijui nani aliyeirikodi. Nliisikiliza huku nnamenya vitunguu, nikawapelekea na wenzangu. Ndio ilimu yangu yote hiyo.

"Hapakuwa na njama, Mama," ukasema. "Palikuwa na wageni." Ukatuhadithia wazee wao walivyoingia kwa meli, mafundi cherahani na wachuuzi, na lugha yao ya nyumbani ambayo wenyeji wakiicheka. Kazi nyingi za heshima milango yake ilikuwa imefungwa. Iliyokuwa wazi ni ile wenye heshima zao hawaitaki: majukwaa ya vichekesho, sinema, vitabu vya bei rahisi. Baadhi yao wakaingia humo, na wengi zaidi wakenda zao kwengine wakauza nguo na kusomesha watoto. Ukasema walikuwepo waliosimama jukwaani wakayatoa hadharani maneno yaliyokuwa yakisemwa jikoni, na askari amekaa nyuma ya ukumbi na daftari, anaandika kila neno ili akalisome mbele ya hakimu.

Hapo baba yako alivunjika mbavu. "Maskini askari wa watu," alisema, "alipofika nyumbani mkewe akamuuliza leo ulikuwa na kazi gani?"

Hukunificha mabaya yao. Ulisema wengine walikuwa wanatafuta pesa tu kwa picha za ovyo, na wengine walifungwa jela kwa kitabu ambacho leo kinasomeshwa skuli. Ukasema waliowachukia walikuwa wakihesabu majina, wakisema mnaona, huyu wao, na huyu wao. "Ile sauti ya simu yako, Mama, ni maneno ya zamani hayo. Yalikuwepo kabla ya simu." Halafu ukasema lile lililonitoa mezani. Ulisema waliowaogopea zaidi watu wale ni wazee wao wenyewe, waliokuwa wakiandika magazetini kuwalaani, na majumbani wakiwaambia watoto wao: shsh, nyamaza, majirani watasema nini.

Nliinuka nikajifanya nnatazama chai. Ulidhani nimeudhika. Rayya, neno lile ni langu. Umekulia juu ya neno lile. Nlikuwa nikikwambia ukicheka kwa sauti baraza ya mbele, ukisema Kiswahili dukani, ukiuliza jambo la kike mbele ya wageni. Sikujua kuwa kuna watu upande wa pili wa dunia walikuwa wakilisema kwa lugha yao, kwa khofu ile ile.

Baadaye ukanijia na la kanda. Ulikuwa umezungumza na mwalimu wako kwenye kioo cha kompyuta, yule bibi wa Kiyahudi mwenye nywele nyeupe, na mimi nlikuwa nyuma ya mlango, ndiyo, nasikiliza, usinitazame hivyo. Ulimwambia bibi yako alikuwa somo, anafunda maharusi kwa nyimbo. Yeye akakwambia bibi yake mwenyewe alikuwa akiimba jikoni mambo ya kuchekesha na ya aibu, na mamaake akawakataza watoto wasiyakariri, na sasa hana hata neno moja, anakumbuka kicheko tu. Ulitoka hapo mbio mpaka kwangu. "Mama, hakuna kanda yoyote ya Bibi?"

Nikakwambia hakuna.

Nlikudanganya. Iko. Na kwa nini nlikudanganya ndiyo barua yenyewe.

Wewe bibi yako, Bi Zuwena, ulimjua kashakuwa mtu wa tasbihi na kimya. Mimi nlimjua mwengine. Tulipokuja huku kwa Waarabu kutoka Unguja nlikuwa mtoto wa miaka saba, na tulipopata nyumba Wattaya hazikupita siku wanawake wa kwetu wakaanza kuja kumchukua. Kila palipokuwa na harusi ya Waswahili, yeye ndiye somo. Wanaume wanatolewa nyumba nzima, watoto wanapelekwa kwa jirani, madirisha yanafungwa, na humo ndani mwari anafundishwa mambo ya ndoa kwa ngoma na nyimbo zinazovitaja vitu kwa majina yake. Wanawake wazima wakilia kwa kucheka. Na Bi Zuwena hajawahi kukosa sala tano, na hajaona wapi mambo hayo mawili yanagombana. Akimaliza kuimba akitawadha, akiswali isha.

Lakini tulikuwa wageni, ingawa tuliambiwa tumerudi kwetu, walikotoka babu zetu. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuungaunga. Skuli msichana mmoja aliacha kuja kwetu, nikamuuliza kulikoni, akasema mamaake kamkataza: wanawake wa Kizinjibari midomo yao michafu, wanawaharibu watoto wa watu. Kila mtu anajua, alinambia. Basi nikajifunza kuogopa mapema. Nikaanza kutembea hatua mbili mbele ya mama yangu tukiwa sokoni.

Sasa sikiliza kosa langu. Zama zile watu wetu wengi hawakuwa wakiandikiana barua, wakirikodi salamu kwenye kanda na kumpa mtu anayesafiri. Mama mdogo wangu alikuwa Dubai, na mimi ndiye nlokuwa mrikodi wa nyumbani. Kulikuwa na kanda moja ambayo wanawake walirikodi ngoma ya harusi, upande mmoja tu, waisikilize wenyewe. Mama akanambia, nunua kanda mpya ya salamu. Mimi nikaona uvivu kwenda dukani. Nikarikodi salamu za mama mdogo upande wa kwanza, khabari za mvua, za wagonjwa, nani kazaa, na upande wa pili nikauacha vile vile, nikasema nitamtumia ujumbe asiugeuze. Nikasahau. Kanda akapewa Ami Khalfan, ami yake baba yako, aliyekuwa akenda Dubai kwa gari. Mimi wakati ule nlikuwa nshaposwa na baba yako, bado miezi mitatu tuoane.

Ami Khalfan alikuwa mtu wa kujua khabari, akaitia kanda kwenye redio ya gari asikilize salamu za watu. Na redio yake ilikuwa ya kisasa, ikifika mwisho inaigeuza yenyewe. Humo garini mlikuwa na wanaume watatu.

Aliporudi alikuja kwetu, kanda hakuifikisha kwa mama mdogo, akaiweka juu ya meza ya chai. Baba yangu hakuwepo. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu na buibui lake, na mimi nnamimina kahawa. Ami Khalfan akanambia, "Upande wa kwanza sauti yako nimeijua. Huu wa pili, sauti hii ya nani?"

Nliona posa yangu inarudishwa, nliona midomo ya watu, nlimuona yule msichana wa skuli. Na nlikuwa na sababu nyengine kubwa zaidi ya kuogopa, ntaifikia. Nikasema, "Siijui."

Mama yangu amekaa hapo, Rayya, goti lake linagusa langu. Nikasema siijui.

Kisha Bi Zuwena akasema, taratibu kabisa, "Kanda za soko hizi, ami, wakati mwengine wanauza zilokwishatumika." Akanikingia. Ami Khalfan akanywa kahawa yake, akatikisa kikombe, akaaga.

Alipotoka mama hakunigombeza. Laiti angelinitia makofi. Alinambia neno moja tu, "Ifute," akaingia chumbani kwake. Nikaichukua kanda, nikaitia kwenye redio, nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kurikodia, nikakaa naitazama inavyojifuta. Nlivumilia dakika moja. Vidole vikaninyanyuka vyenyewe, nikaizima. Nikaificha ndani ya sanduku la vyombo vyangu vya harusi na nikamwambia mama nimeshaifuta.

Hakuimba tena. Mwanzo alisema kifua, kisha akasema umri, kisha watu wakaacha kuja. Harusi yangu mimi, binti yake pekee, aliletwa somo mwengine kutoka Dubai, na mama yangu alikaa kwenye kona anapiga makofi kwa adabu kama mgeni wa kualikwa. Nlikuwa nikimtazama chini ya ushungi. Alikufa akidhani kanda imefutika. Nlikaa naye siku arubaini hospitali, kila siku nlikuwa na nafasi ya kumwambia, na kila siku nlimuuliza kama anataka uji.

Na sikiliza lililonimaliza. Tulipomzika Ami Khalfan, baba yako alikuwa anakumbusha vituko vyake, akasema, "Unajua alisimamisha gari njiani kwa kucheka, na wale mabwana wote wakashuka wakaegemea mlango?" Akasema Ami Khalfan alipohadithia nyumbani, mkewe ndiye aliyemtuma aje aulize sauti ya nani, wamtake awe somo wa binti yao. Rayya, alikuja kutaka kumuomba. Nami sikumpa jibu la kweli wala sikusubiri nisikie kwa nini anauliza. Nliogopa kabla sijatishwa.

Sikwambii haya ili nikwambie usiogope. Mimi mwenyewe bado nnaogopa. Jumanne nlisimama mlangoni pako nikakuona umekaa sakafuni unafuta vitu kwenye simu yako, picha, maneno uliyoandika juu ya vita, kwa sababu rafiki yako kakwambia uwanja wa ndege wa kule wanafungua simu za watu. Ulisema, "Tahadhari tu, Mama." Unakwenda nchi unayosema imepigania uhuru wa kusema, na unafuta. Nlikitambua kidole kile. Nlitaka nikwambie acha, na nlitaka nikwambie futa zaidi, futa yote, futa hata jina langu. Yote mawili kwa pamoja. Sijui la kukushauri. Huko watakutazama ushungi wako na jina lako la baba. Huku watasema binti wa fulani kenda kusomeshwa uchafu na Mayahudi, na neno moja likirushwa kwenye simu linaweza kumfikisha mtu pabaya. Hizo si khofu za kipuuzi na sitokwambia ni za kipuuzi.

Ninalolijua ni dogo. Ukiogopa ukanyamaza, hiyo ni haki yako, kuna siku utanyamaza na utakuwa umefanya sawa. Lakini kama khofu inakutuma useme humjui mtu uliyemnyonya, au mtu uliyekula naye, au yule mwalimu wako siku watu wa hapa watakapomtia mdomoni, basi kaa kwanza. Hesabu pumzi. Muulize mwenye kuuliza, unaulizia nini? Mimi sikuuliza.

Jana nlipokwambia nakwenda kwa fundi nguo, nlikwenda Wadi Kabir. Nlikuwa na ile redio ya zamani ndani ya mfuko wa duka la Lulu, na kanda ndani ya pochi. Kuna fundi wa Kihindi pale nyuma ya magereji, anatengeneza simu na kila kitu. Akaifungua, akabadilisha kimpira kilichokatika, akasema lazima tuijaribu. Nikamwambia hapana, inatosha. Akasema, "Bila kujaribu mimi siwezi kukupa, mama." Akaitia kanda. Dakika ya mwanzo kimya, ile niliyoifuta mimi, na fundi anagonga redio anadhani bado mbovu. Kisha ikatoka. Sauti ya mama yangu, katikati ya ubeti, na ngoma, na wanawake wote wale, wengi wao marehemu. Mlango wa duka uko wazi, magari yanapita, wanaume wanakunywa chai nje.

Fundi hajui Kiswahili, akawa anatikisa kichwa kwa mdundo. Lakini kulikuwa na msichana wa Kiganda anasubiri kioo cha simu yake, kavaa sare za kazi za nyumbani. Nlimuona anainua kichwa. Anasikiliza. Halafu akajiziba mdomo, mabega yanamtikisika. "Mama, samahani," akanambia, "hata sisi tuko na hiyo! Ssenga, ile shangazi inafundisha bibi harusi, inaongea hivyo hivyo, bila haya!" Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza, kwa heshima, "Huyu anaimba ni nani?"

Swali lile lile. Miaka karibu arubaini, na khofu ni ile ile.

Nikasema, "Mama yangu."

Hakuna kilichoanguka. Msichana akasema, "Ako na sauti, huyo mama," akachukua simu yake akenda zake. Fundi akaniuliza kama nataka na betri. Nlikaa ndani ya gari nusu saa siwezi kuwasha, nalia kama mwehu, na askari wa barabarani akanigongea kioo kuniuliza kama nimepata ajali.

Kanda iko ndani ya sanduku lako, upande wa kushoto, nimeizungushia kanga yake ya mwisho. Usiitoe kabla hujafika, wala usiitaje mbele ya baba yako. Nimeitoa mara mbili tangu nianze barua hii na nimeirudisha mara mbili. Mara ya pili nlifika nayo mpaka jikoni. Ukiwa unasoma hapa na imo, jua nimeshinda. Ichezee darasa lako ukitaka. Mchezee na yule bibi mwenye nywele nyeupe ambaye hana hata moja, mwambie inatoka kwangu, mwanamke aliyekuwa akisema mambo juu ya watu wake bila ya kuwajua. Ukiona khatari, usiicheze, isikilize mwenyewe. Hilo nimekuachia.

Nasikia geti. Baba yako huyo, anapiga honi kama kawaida utadhani kaleta bibi harusi.

Nlisema nlikuwa na sababu nyengine. Katika ngoma ile msichana ambaye hajaolewa haruhusiwi kuingia, hata mlangoni. Ni aibu kubwa, na posa inavunjika kwa hilo. Lakini Bi Zuwena alikuwa hana mtu wa kumwitikia vizuri kama mwanawe, na mwanawe alikuwa akizipenda nyimbo zile kuliko kitu chochote duniani, akamuingiza kwa mlango wa jikoni, kamfunika kanga mbili. Basi wakikuuliza huko sauti hii ya nani, taja jina lake, Bi Zuwena, bibi yako mzaa mama. Na wakiuliza ile nyengine, kisauti chembamba kinachomdakia kila ubeti na kucheka kabla ya wakati wake, usiseme hukijui.

Ni mimi,
Mama yako